Vumawimbi au Ziwa Superior: ukitaka kukaa na nafsi yako kando ya maji, uende wapi?

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, tuliyesoma pamoja skuli Wete, aliniandikia kutoka Minneapolis. Ana likizo ya wiki mbili. Mama yake alifariki Ramadhani iliyopita na yeye kumzika hakuwahi, kwa sababu Pemba tunazika siku hiyo hiyo na hakuna ndege ya kumfikisha mtu kutoka Marekani kwa muda huo. Anasema amechoka na watu, amechoka na simu, amechoka na pole. Anataka maji mbele yake na kimya. "Wewe umekaa pande zote mbili," akaniandikia. "Nitie mafuta gari niende Ziwa Superior, saa mbili na nusu nimefika, au nikate tiketi nije Vumawimbi?"

Nilimjibu siku ile ile kwa maneno machache. Lakini swali hili nimeshaulizwa na wengi, wa huko na wa hapa nyumbani wanaoalikwa na mtoto au ndugu aliye Marekani, na maneno machache hayalitoshi. Mimi nilikaa Duluth, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya Superior, miaka mitatu ya masomo. Sasa nafundisha Pemba, na nikipata nafasi huenda Vumawimbi, ufuo ulio kaskazini ya Konde, ukishaupita msitu wa Ngezi. Kote huko nimekaa peke yangu, kwa kutaka na kwa kutotaka.

Maji yenyewe

Watu wa kwetu nikiwaambia ziwa, hupata picha ya bwawa kubwa. Superior lina ukubwa wa kilomita za mraba 82,100 hivi. Pemba yote, tangu Kigomasha, ncha ya kaskazini, mpaka ncha ya kusini, haifiki 1,000. Ungeitia Pemba humo zaidi ya mara 80. Urefu wa ziwa ni kilomita 563, na penye kina zaidi ni mita 406. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, huliita Gichigami, yaani bahari kubwa, na macho hayawezi kuwapinga.

Pua ndiyo inayopinga. Hakuna chumvi, hakuna mwani, hakuna dagaa walioanikwa. Asubuhi yangu ya kwanza nilivuta pumzi nikapata harufu ya jiwe lililolowana, basi. Nilishtuka kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta haina jiko.

Halafu maji yale hayajai wala hayapwi kwa namna tunayoijua sisi. Mawimbi yapo, tena ya kuzamisha meli, lakini bamvua na maji mafu hakuna. Upepo ukiyasukuma maji upande mmoja kwa muda, yakiachiwa hurudi upande wa pili, yakawa yanayumba kama maji ya kwenye beseni uliloligusa, mwezi hayaufuati kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mtu wa pwani hili si dogo. Siku zetu hupangwa na maji. Yakitoka, wanawake huteremka na vikapu vyao kutafuta chaza, wenye pweza hutafuta mashimo. Yakijaa, vyombo huingia. Vumawimbi ukikaa tangu alfajiri hadi magharibi utaona fuo mbili, mmoja mwembamba na mmoja mpana, na ule mpana una kazi na sauti zake. Superior, jiwe ulilolikalia asubuhi liko mbali na maji hatua zile zile jioni. Kuna mtu moyo wake unahitaji khasa kitu hicho, maji yasiyomwambia kuwa saa zinakwenda. Mimi mwaka wa kwanza kiliniudhi. Mwaka wa pili nilikitafuta.

Sasa baridi. Joto la maji ya Superior kwa wastani wa mwaka ni kama nyuzi 4. Bahari yetu huwa baina ya 25 na 29, na sisi tukitumbukia alfajiri ya kusi tunalalamika. Kule hata Julai, jua linawaka, mtu akijitosa pumzi humkatika. Misuli hukaza, mikono ikakataa kutii, na mwogeleaji hodari huzama karibu na nchi kavu. Kwa hiyo kama amani yako huipata kwa kuogelea, usihangaike kusoma zaidi: njoo Pemba. Superior ni maji ya kutazama.

Nilitia udhu pale mara moja mwezi wa Oktoba, ufuo wa Park Point, ule ulimi mrefu wa mchanga ulio Duluth. Nilikuwa sijafika kwenye viwiko na vidole vimeshakufa ganzi. Miguu niliosha haraka haraka huku meno yanagongana. Lakini kuna jambo nililigundua siku hiyo. Kibla cha Duluth kiko kaskazini mashariki, na ufuo ule nao unaelekea kaskazini mashariki. Ukisimama kuswali, mbele yako ni maji matupu mpaka upeo wa macho. Baada ya salamu sikuinuka. Nilikaa pale pale kwa sababu Kigomasha ni vivyo hivyo. Kibla cha Pemba ni kaskazini barabara, na ukitandika msala kwenye ile ncha karibu na mnara wa taa, mbele yako hakuna nchi, ni bahari. Umbali wote ule, na mahali pawili nilipopapenda panamwelekeza mwenye kuswali kwenye maji.

Kimya

Hapa ziwa linashinda, na nitalitetea mbele ya yeyote.

Kimya cha Superior huletwa na baridi. Kuanzia katikati ya Januari malango ya Soo, yanayopitisha meli kati ya ziwa hili na maziwa ya chini yake, hufungwa mpaka Machi 25. Meli za chuma, nyingine zenye urefu wa mita 300 na zaidi, hutia nanga. Boti ndogo zilikwishapandishwa tangu vuli yao. Ndege wengi wamekwenda kusini. Baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji humeza sauti za barabarani, na ukisimama ufukweni unasikia damu yako masikioni. Sijawahi kusikia kimya kama kile mahali pengine. Mara ya kwanza kilinitia hofu, nikaanza kusoma Yasini kwa sauti ili pawe na mtu anayesema.

Na kuna sauti moja sitaisahau. Mwanzoni mwa Aprili barafu hupasuka vipande vyembamba kama vioo vya dirisha, upepo ukavisukuma hadi ufukweni vikapandana. Vikipandana hulia. Ilikuwa asubuhi, mimi nimekaa juu ya jiwe nimejifunga shali mbili, na ufuo mzima ukawa unalia kama bilauri kwenye sinia linalopitishwa harusini, mbali, nyumba ya tatu. Nikitikisa kichwa kuondoa shali masikioni nisikie vizuri. Ilidumu kama saa nzima, kisha upepo ukageuka, pakanyamaza.

Vumawimbi hapana kimya. Jina lenyewe limeshasema. Wimbi linavuma mchana na usiku, khasa kaskazi ikiwa imeshika, na nyuma yako Ngezi nao una sauti zake. Ukichelewa kutoka, popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana popote ila kisiwani hapa, huanza kuondoka mitini, na bundi mdogo wa Pemba huita sauti moja fupi, ananyamaza, anaita tena. Sauti ya bahari lakini ina dawa yake. Inafunika. Mtu mwenye mawazo yanayojirudia, yale ya saa tisa za usiku, kimya cha theluji kitampa nafasi ya kuyasikia yote, moja moja. Wimbi la Vumawimbi litamfunika. Nimewaona wanafunzi ughaibuni waliokwenda ziwani msimu wa baridi kutuliza moyo wakarudi wamezidi kuumwa. Jua la Desemba Duluth huzama saa kumi na dakika ishirini za jioni. Kama una huzuni iliyokushika muda mrefu, miezi hiyo usiende peke yako.

Watu

Kiswahili chetu kina neno upweke, na upweke kwetu ni mateso. Sijasikia mtu Wete akisema anatafuta upweke. Husema anataka faragha, anataka kujitenga kidogo. Wenye tarika wana khalwa, msikiti una itikafu. Yote haya yana mlango: unaingia ukijua siku ya kutoka, na watu wanajua uko wapi.

Ziwani unapata faragha bila ya kuiomba. Wilaya ya Cook, inayofuata ufuo wa kaskazini wa ziwa mpaka mpaka wa Kanada, ina ardhi karibu mara nne ya Pemba, na watu wake ni 5,600 hivi. Pemba ina zaidi ya nusu milioni. Fikiria hiyo kwa macho: Konde yote uiondoe, Micheweni, Wete, Chake, Mkoani, mashamba yote, uache watu wa mtaa mmoja wa kiasi. Nilipata kukaa kwenye gogo karibu na Grand Marais nikilia waziwazi. Mzee na mkewe wakapita na mbwa wao, wakatikisa kichwa kwa adabu, wakaendelea na safari yao. Nilishukuru sana siku ile. Kutojulikana ni mapumziko makubwa, khasa kwa mwanamke wa kwetu, ambaye tangu utotoni kila hatua yake ina shahidi. Miezi sita baadaye nilikaa gogo lile lile, na nikatamani mtu asimame aniulize mimi ni wa nani.

Pemba utaulizwa tu. Ukikaa peke yako ufukweni nusu saa, mtu atakuja, na mwanamke akikaa peke yake atakuja haraka zaidi. Mara yangu ya kwanza Vumawimbi baada ya kurudi nilichukua mkeka, chupa ya chai na muhogo wa kuchemsha, nikakaa chini ya kivuli. Haikupita muda akatokea mzee kutoka dago la wavuvi, ana dema bovu, mtego wa samaki, begani.

"Nashikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamwambia jina la baba, na la babu, na tunakotoka. Akafikiri. Akamtaja ndugu ya babu yangu aliyekuwa akiuza karafuu na baba yake. Kisha akauliza lile nililokuwa nalingoja: "Umegombana na mtu?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kupumzika tu."

Akatikisa kichwa. Akaenda hatua kama ishirini, akakaa, akalifungua dema lake akaanza kusuka upya pale palipotoboka. Alikaa hivyo mpaka baada ya adhuhuri. Hakuniangalia wala hakuniuliza neno jingine. Wakija vijana akiwanyooshea mkono wapite mbali. Alipomaliza aliniletea dafu, akaniaga, akaenda zake.

Faragha ya Pemba ndiyo hiyo. Inalipiwa mwanzoni kwa kujieleza, na ukishajieleza watu hukulinda ukae. Asiyeweza kulipa, kwa kuwa maswali yenyewe ndiyo yaliyomchosha, Pemba haitamfaa mwezi huu, na si dhambi kusema hivyo.

Waliomo majini

Hili ni gumu kuliko yote, na ndilo lililoamua jibu langu.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Hakuna haja ya kumweleza Mpemba habari ile. Mimi nilimpoteza binti wa ami yangu, tuliyelala kitanda kimoja tukiwa watoto. Hakupatikana. Matanga tulikaa, hitma tulisoma, nyumba ilijaa watu siku hata sikumbuki ngapi, na sinia la chakula lilikuwa halikosi. Lakini tangu siku ile Mpemba akikaa mbele ya bahari hakai na maji peke yake. Wageni wanaokuja Vumawimbi wakasema pana amani hawalijui hilo, na hawana kosa. Wewe msomaji wa kwetu unalijua. Kama bahari bado inakutisha, usiidharau hofu hiyo, wala usijilazimishe kwa kuwa mtu amekwambia kuna mchanga mweupe.

Nilikwenda Duluth nikifikiri ziwa halina maiti wangu, basi nitapumzika. Kweli halina wangu. Lina wao. Novemba 10, 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald ilizama Superior kwenye dhoruba na watu wote 29. Miili yao haikutolewa. Maiti huinuliwa juu na gesi ya kuoza, na maji yakiwa baridi kiasi kile kuoza huzuilika, aliyezama akabaki chini. Niliposoma habari hiyo chumbani nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Kila Novemba 10, kwenye mnara wa taa wa Split Rock, uliojengwa juu ya jabali na kuanza kazi mwaka 1910 baada ya dhoruba kubwa ya 1905, watu hukusanyika jioni. Majina 29 husomwa moja moja, na kila jina kengele hupigwa. Kisha hupigwa mara moja zaidi kwa wote waliopotea kwenye maziwa yale, ndipo taa ikawashwa. Mnara huo uliacha kazi 1969. Siku hiyo unawaka kwa ajili ya kumbukumbu. Nilikwenda mwaka wangu wa pili. Upepo ulikuwa unakata masikio. Sikumjua hata mmoja kati ya waliosomwa. Kengele ya mwisho ilipolia, ile ya wasio na jina, nililia kwa ajili ya binti wa ami kama nilivyokuwa sijapata kulia tangu habari itufikie. Hakuna aliyenishika bega. Nililia mpaka nikachoka, nikafuta uso kwa glavu, nikarudi garini nimekuwa mwepesi.

Kwa muda mrefu nilidhani ziwa ndilo lililoniponya. Sasa nalitazama vingine. Pemba nilikuwa nimeshamlilia pamoja na watu, siku baada ya siku, mpaka watu wakamaliza sehemu yao. Iliyobaki ilikuwa sehemu yangu peke yangu, na hiyo nyumbani sikupata pa kuilia, kwa sababu kila nikiinamisha kichwa kuna mama mkubwa wa kukiinua. Ziwa lilinipa pa kuilia ile iliyobaki. Kama ningelikwenda kule kwanza, bila ya matanga, bila ya hitma, bila ya lile sinia, naamini kimya kile kingenivunja.

Njia, msimu na mfuko

Aliyeko Minneapolis ana kilomita 250 hivi mpaka Duluth, na kutoka hapo barabara namba 61 hufuata maji kwenda kaskazini, kupita maporomoko ya Gooseberry na Split Rock mpaka Grand Marais, kilomita 177 hivi. Wakati mzuri ni mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba: majani yamegeuka rangi, mbu na nzi weusi wanaouma wamekwisha, watalii wamepungua. Juni siku ni ndefu mno, jua huzama karibu saa tatu usiku. Mwenye kuswali apange usingizi wake. Chukua koti hata Agosti. Park Point jihadhari na mkondo unaovuta kwenda ndani. Na tembea ukitazama chini, kwa sababu kwenye changarawe utaokota akiki, mawe mekundu yenye mistari, yale yale wazee wetu wanayoyapenda kwenye pete zao. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuondoka nayo. Litie mkononi lipate joto, ulitazame juani, ulirudishe. Hiyo peke yake ni kazi ya asubuhi nzima, na sijapata kuona kazi inayotuliza zaidi.

Mwenye nguvu na mahema aangalie Isle Royale, kisiwa kilicho ndani ya ziwa lile. Kina urefu wa kilomita 72 hivi, kinaizidi kidogo Pemba ambayo ina 67. Hakina magari, hakuna anayeishi mwaka mzima, wanaokaa ni mbwa mwitu na moose, mnyama wa jamii ya kulungu anayemzidi farasi kimo. Boti huondoka Grand Portage msimu wa joto, na kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 kisiwa hufungwa. Nilikilinganisha na kwetu nikakosa usingizi: kisiwa kirefu kama Pemba, hakuna adhana.

Kuja Vumawimbi, kutoka Unguja utapanda boti Malindi au ndege ya Chake Chake, halafu gari mpaka Konde, na kutoka Konde bodaboda au gari ya kukodi kupitia Ngezi. Getini mwa msitu hulipiwa kiingilio. Ufukweni hakuna duka, chukua maji na chakula. Hoteli ziko upande wa pili wa rasi, Verani, na bei zake si za mwalimu. Mimi hulala Wete nikaenda alfajiri. Mwanamke anayekwenda peke yake apite kwanza kwa sheha, mkuu wa eneo lile, aseme yeye ni nani na atarudi saa ngapi. Maneno mawili tu, na siku yako yote inakuwa salama. Masika usije, barabara ya msituni huwa tope. Msimu bora ni maleleji, pepo zinapobadilishana, Oktoba au Novemba kabla mvua za vuli hazijashika. Kaskazi ikianza, wimbi linazidi. Wapo wanaolitaka hivyo.

Wengine huniuliza Misali. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hifadhi tangu 1998, na wazee husema Nabii Khidhri alikitumia kuwa msala wake, ndiyo maana ya jina. Kwenda kwa siku moja, kuswali rakaa mbili na kurudi, hakuna mfano wake. Lakini unategemea chombo cha mtu, na saa ya kurudi ni yake. Faragha yenye nahodha anayekungoja haikamiliki.

Na anayetaka ziwa lakini viza haipo wala nauli haipo, aende Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Basi au treni ya TAZARA mpaka Mbeya, kisha Tukuyu na Kyela. Ziwa lina kina cha mita 706, milima ya Livingstone imesimama kando yake kama ukuta, na jioni maji hutulia mpaka unaona mlima mara mbili. Si baridi kama Superior, ingawa watu wa Pemba mwezi wa Julai watavaa sweta. Uliza wenyeji kabla ya kuingia majini kwa sababu ya mamba na kichocho. Mara moja nililipia chumba pale kwa simu nikafika nikaambiwa kimeshatolewa; mama mmoja muuza vyungu akanipa kitanda cha binti yake siku mbili. Ningerudi kesho.

Nilivyomjibu

Kwa aliyechoka na kazi, aliyechoka kujulikana, anayetaka kuamua jambo zito bila ya mashauri ya shangazi, nasema Superior, mwezi wa Oktoba, siku tatu au nne, mtu mmoja ajue uko wapi. Aliyekwisha kulia na watu na akabakiwa na sehemu yake, naye aende huko huko.

Rafiki yangu hajalia na watu. Mama yake amezikwa Micheweni na yeye alisikia kwa simu akiwa kazini, akaomba ruhusa ya dakika kumi, akarudi kwenye mashine. Nilimwandikia: kata tiketi. Siku tano za mwanzo kaa nyumbani kwenu, wacha watu waje, kula chakula chao, wacha wakueleze mara mia jinsi alivyokufa. Nenda kaburini na dada yako. Siku ya sita nitakuja na gari mapema, tupite Konde tununue boflo na ndizi, tupite Ngezi kabla ya jua kupanda. Nitakuacha Vumawimbi na mkeka wako, mimi nitakaa mbali, karibu na dago. Saa ya alasiri nitakuita.

Amejibu kuwa tiketi ni ya Oktoba 14. Nimeshamwambia sheha.